Longido, Chala au Natron: kambi ipi kwa kundi la redio na magari ya porini?

Kundi likiwa la watu wa redio tupu (redio ya ridhaa, yaani wenye leseni wanaoitana na dunia kwa redio zao kwa kujifurahisha), kuchagua kambi hakuna kazi. Mnatafuta mahali pakavu, palipo wazi, mbali na nyaya za Tanesco, mnasimamisha mlingoti na kuanza kuita. Likiwa la watu wa magari tupu ni rahisi zaidi: fuateni barabara mbovu mpaka iishe, mpige mahema hapo. Kazi inakuja pale hawa wawili wanapoamua kutoka pamoja mwisho wa wiki, magari nane au kumi, watu ishirini na kitu, nusu wakianzia Arusha na nusu Moshi. Wa redio anataka kutulia na kimya. Wa gari anataka kuondoka na mngurumo. Mafahali wawili, zizi moja.

Huku kwetu kaskazini majina yanayotajwa ni yale yale: Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, Ziwa Chala mpakani upande wa Rombo, Longido kwenye barabara ya Namanga, na Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, kwenye Ziwa Natron. Nayapima yote kwa pamoja, lakini kipimo changu kikuu nakisema mapema ili usije ukashangaa ninakoegemea. Gari linaweza kufuata matope kilomita 40 na jioni likarudi. Antena ikishasimama haiendi popote. Kambi ichaguliwe kwa sikio la redio, halafu njia za magari zianzie hapo. Makundi yanayochagua kambi kwa ubovu wa barabara huishia na watu wa redio wamejibanza korongoni, wakisikiliza jenereta badala ya Japani.

Momella niitoe kwanza

Kwa macho, hakuna kati ya hizi inayoifikia. Kuna mbega, nyati, vijiziwa vyenye heroe, na Meru yenye mita 4,562 imesimama upande wa magharibi. Kambi za TANAPA zina kivuli na askari wako karibu. Lakini kanuni za hifadhi haziruhusu gari kuacha barabara, mwendo una kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na usiku magari hayazunguki. Mtu aliyetumia mshahara wa miezi kufunga matairi ya matope na winchi atakaa siku mbili akiangalia twiga. Kwa upande wa redio nako, kurusha waya juu ya mti wa hifadhi si jambo la kufanya kwanza na kuomba radhi baadaye. Linaombwa kwa maandishi, na mapema.

Kundi dogo la redio tupu, lenye subira ya kufuatilia barua, litafurahi Momella. Kwa msafara mchanganyiko siipendekezi, na kuanzia hapa naiacha.

Kelele usiyoisikia kwa masikio

Anayeishi Njiro, Sakina au Soweto ya Moshi anajua hali ilivyo nyumbani. Unawasha redio kwenye bendi ya mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake), na kabla mtu yeyote hajaongea sindano ya nguvu ya ishara imeshasimama S7 kwa kelele tu. Ni chaja za simu, taa za LED, inveta ya sola ya jirani, dekoda, nguzo ya umeme yenye kikombe kilichopasuka. Sasa fanya hesabu. Kila hatua ya S ni desibeli 6. Kambi ikikushusha kutoka S7 hadi S2 umepata desibeli 30, na desibeli 30 maana yake ni kwamba ishara iliyo dhaifu mara elfu moja kuliko ile uliyozoea kuisikia nyumbani sasa inasomeka. Hakuna antena utakayonunua ikakupa faida hiyo. Hii ndiyo sababu hasa ya kutoka mjini. Mandhari ni nyongeza.

Kwa kimya, Engare Sero inaongoza. Ukishaiacha Mto wa Mbu na kupita Engaruka, viwanda havipo, miji haipo, na unachobaki nacho ni mitambo ya kambi yenyewe. Lakini mitambo hiyo ndiyo ya kuulizia. Kambi nyingi za huko zinaishi kwa sola na jenereta, na kidhibiti cha bei nafuu cha kuchaji betri kinaweza kukuharibia bendi nzima mchana kutwa. Uliza jenereta inawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi, na kama mnaweza kupiga mahema ncha ya mbali ya kiwanja.

Chala iko katikati. Ukingoni mwa kreta vijiji vyenye umeme vimebaki kando, na usiku unaanza kusikia vituo ambavyo mjini hukuwahi kudhani vipo. Usumbufu, kama upo, utatoka kwenye pampu na inveta.

Longido inahitaji akili zaidi. Mji wenyewe uko kwenye gridi, na kuna pia njia ile kubwa ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Arusha na Namanga kuingia Kenya. Mtu akikuambia "tumepiga kambi Longido, kelele tupu", muulize alikuwa umbali gani kutoka kwenye minara hiyo. Kilomita chache kutoka mjini, upande usio na nyaya, hali inabadilika kabisa. Kwa hiyo Longido mnachagua kona, hamchagui jina.

Namna ya kuipima kona ni ya kizamani na haina gharama. Chukua redio ndogo ya mkulima yenye AM, iweke katikati ya stesheni mbili ambapo hakuna matangazo, fungua sauti, kisha tembea nayo kiwanja chote. Ipitishe karibu na jokofu la kantini, karibu na sola, chini ya waya wowote unaouona. Mahali panapokoroma utapasikia mwenyewe, "krrrr" nzito inayopanda kila ukisogea. Mahali inapobaki na mvumo mwepesi tu, weka jiwe la alama. Meza ya redio itakaa hapo.

Na kama mnaogopa jenereta za wengine, anzeni kwa kuacha yenu nyumbani. Redio ya wati 100 inakula kama ampea 20 inaporusha na karibu ampea 1 inaposikiliza. Kwa maongezi ya kawaida, ambapo muda mwingi unasikiliza, betri moja ya lithiamu ya Ah 100 inaendesha stesheni moja usiku kucha. Asubuhi mnaichaji kwa gari au sola, kabla bendi hazijafunguka vizuri, yaani hazijaanza kupitisha ishara za mbali.

Mlima umesimama upande gani

Watu wanasema "tafuta mahali pa juu", lakini swali lenyewe hasa ni kilichosimama mbele yako kuelekea unakotaka kufika. Kutoka huku kwetu, London iko kwenye digrii 335 za dira, Berlin karibu 343, na New York karibu 312. Simama kiwanjani na dira, elekea huko, halafu angalia upeo wa macho.

Chala hapo inatoa jambo la kuchekesha. Ukiwa ukingoni mwa ziwa, Mawenzi na Kibo vimepangana karibu mstari mmoja, kwenye digrii kama 310. Yaani Kilimanjaro yote, mita 5,895, imejiweka katikati ya wewe na pwani ya mashariki ya Marekani. Si balaa. Kwa umbali ule kilele kinachukua kama digrii 6 tu juu ya upeo, na ishara nyingi za mbali zinaingia juu kidogo ya hapo. Ila zile zinazokuja chinichini kabisa, ambazo ndizo unazozihitaji bendi inapokaribia kufunga, mlima unazimeza. Ulaya iko wazi kuliko Marekani, na mashariki na kusini hakuna cha kulalamikia.

Engare Sero ni bakuli. Magharibi una ukuta wa Bonde la Ufa, kusini Lengai yenye mita 2,962, upande wa mashariki Gelai. Kaskazini kumefunguka, kuelekea ziwani, na hiyo inaisaidia Ulaya. Kwa mita 2, yaani zile redio za mkononi, sahau kabisa habari ya kuongea na mtu aliyebaki Arusha.

Hata hivyo bakuli lina dawa yake. Waya wa bendi ya mita 40, wenye urefu wa mita 20 kwa jumla, ukiufunga chini kwa makusudi, mita 4 hadi 6 tu toka ardhini, hurusha karibu kila kitu juu angani, na anga inakirudisha chini kama mvua. Milima ya pembeni haina la kufanya. Arusha iko kama kilomita 120 kwa mstari wa ndege, na mchana hiyo ndiyo kazi hasa ya waya wa aina hii. Usiku mita 40 huanza kuruka watu wa karibu, na hapo mnashuka kwenye bendi ya mita 80 mkiwa na nafasi ya waya wenye urefu wa mita 40.

Longido ndiyo yenye upeo mpana. Mkiuweka mguu wa mlima mgongoni kwenu, uwanda unabaki mbele, na kwa bendi za juu, mita 20 mpaka 10, hilo lina maana kubwa. Miti ni migunga, mifupi na yenye miiba. Usitegemee kuning'iniza chochote cha maana juu yake. Njooni na milingoti ya faiba ya mita 10, na vigingi virefu, kwa sababu ardhi juu ni vumbi na chini ni jiwe.

Barabara

Hapa watu wa magari wameningojea, na jibu lao ni fupi: Natron inashinda, Longido inafuata kwa karibu, Chala inabaki nyuma sana.

Kwenda Chala ni lami kutoka Moshi kupitia Himo hadi kuelekea Holili, halafu kipande kifupi cha vumbi. Saluni ya kawaida inaweza kufika wakati wa kiangazi ikiendeshwa kwa heshima. Kuna vijia vya kuzunguka ukingoni na mashambani, vinavyomtosha dereva kwa nusu siku. Baada ya hapo atakaa kitini, atafungua boneti bila sababu, ataanza kuuliza mnarudi lini.

Natron kuna njia mbili kuu: ya Mto wa Mbu na Engaruka, na ya Longido kupitia Gelai. Zote zina makorongo, mchanga, changarawe ya volkano na lile vumbi la unga linalojaza shimo mpaka juu, ukadhani ni tambarare. Punguzeni upepo kabla ya kuhitaji, kutoka psi 35 hadi 20 hivi, na hakikisheni kuna pampu ya kuurudisha. Msiende mkiwa mmefuatana puani. Wa nyuma hataona chochote, wala chujio la hewa la gari lake halitamshukuru.

Sasa, kando ya ziwa. Ule ukoko mweupe wa magadi unaonekana mgumu kama sakafu. Chini yake ni tope. Gari likitoboa linakaa mpaka ekseli, na hakuna mti wa kufungia winchi kwa umbali wowote wa maana; mtazika tairi la akiba mlifanye nanga, mkichimba kwenye jua linaloweza kufika digrii 40. Na hata likitoka, magadi yanakula chuma. Oshesheni chini ya gari mkifika Mto wa Mbu, siku hiyo hiyo. Tena ziwa hili ni eneo la Ramsar tangu 2001, na heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanategemea hapa kuzaliana. Magari yabaki kwenye njia zilizopo, wageni waende ziwani kwa miguu na mwongoza wa kijiji.

Longido inampa dereva aina mbili za siku. Magharibi kuna njia za Kitumbeine na Gelai, za mawe na makorongo. Mashariki kuna Tinga Tinga na Sinya, uwanda wa vumbi chini ya Kilimanjaro, ambako tembo wanapita na eneo la Enduimet lina utaratibu wake wa kuingia na kulipia. Huko kuna udongo mweusi wa mbuga, na udongo huo hauna mjadala: ukikauka ni barabara, ukinyeshewa kwa saa moja ni gundi. Msafara ukute umekauka au usiende.

Neno moja kwa watu wa matairi makubwa. Yale majani unayoyaona yamesimama wakati kwingine kote kumekwisha hayakuachwa na Mungu kwa ajili ya kufanyia mazoezi. Ni alalili, malisho ambayo wazee wameyatenga kwa ajili ya kiangazi kikali. Ukipita juu yake na gari umekula chakula cha ndama wa mtu, na ukiitwa kwenye kikao cha kijiji usilete habari za GPS.

Gari likinasa, nani atasikia?

Kwangu hiki ndicho kipengele kinachoamua, maana ndipo pekee ambapo redio na magari yanahitajiana kweli. Simu za huko zinakuja na kuondoka. Karibu na Namanga na Holili zinahamia mtandao wa Kenya bila kukuuliza. Kundi lenye redio halina haja ya kutegemea hilo, mradi kambi ikae mahali inapoweza kuyasikia magari yake.

Kwenye bendi ya mita 2 ishara inakwenda mbali kidogo tu kuliko jicho. Kambi yenye mlingoti wa mita 10 na gari lenye antena ya mita 2 juu ya ardhi, kwenye tambarare tupu, wana upeo wa kama kilomita 19. Ni nzuri lakini haitoshi kwa msafara wa siku nzima. Mpandishe mtu mmoja begani mwa mlima, mita 300 tu juu ya uwanda, mwenye redio ya mkononi ya wati 5, na upeo wake kwa gari lile lile unapita kilomita 70.

Longido ina mlima huo. Unazidi mita 2,600, unaanzia mjini kabisa, na vijana wa pale wanaongoza wageni kuupanda kama kazi yao. Hamhitaji kufika kileleni. Watu wawili wenye maji, kofia, mwongoza mwenyeji (juu kuna nyati) na betri ya akiba wanatosha kukaa begani tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, wakipokea taarifa ya kila gari kila baada ya saa moja na kuishusha kambini. Hapo ghafla watu wa redio wana kazi yenye maana, na watu wa magari wanaelewa kwa nini wale wengine wamebeba nyaya.

Engare Sero hailingani. Gari likizunguka nyuma ya Gelai limepotea kwa mita 2. Litabidi liwe na redio ya HF (ya mawimbi mafupi, yanayofika mbali) na antena ya mita 40 ya kufunga haraka, pamoja na mtu anayejua kuitumia, au simu ya setilaiti. Kama hamna, sheria iwe magari matatu kwa pamoja na mwenye kamba asiongoze. Chala swali hili halina uzito, kwa sababu gari haliendi mbali. Likiharibika, bodaboda itafika na hospitali ya KCMC haiko mbali.

Tahadhari ya kisheria hapo: redio za mkononi zinazouzwa madukani kwa bei ya kuku wawili haziwi halali kwa sababu tu umezinunua. Bendi za ridhaa ni za wenye leseni. Kila gari linalotegemewa kuripoti liwe na mtu mwenye leseni ndani yake. Pangeni viti kwa kuzingatia hilo, siyo kwa urafiki.

Karatasi

Leseni ya redio ya ridhaa inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama za mwito za Tanzania zinaanzia 5H. Mgeni, hata kama ni 5Z wa Nairobi aliyevuka Namanga asubuhi kwa ajili yenu tu, anahitaji kibali cha TCRA kabla ya kurusha kutoka upande wetu. Akianze wiki nyingi kabla.

Longido na Chala zote ziko karibu na mpaka, na Chala mpaka wenyewe unapita ndani ya ziwa. Watu wakiona mlingoti, nyaya na wageni wenye vipokea sauti masikioni, watauliza, na wana haki ya kuuliza. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, toeni nakala za leseni, acheni namba ya kiongozi wa kundi, na mkipita kituo cha polisi wasalimieni pia. Nusu saa hiyo inawaepusha na kugongewa hema usiku. Droni ziacheni nyumbani. Hizo ni vibali vingine kabisa, na zinachafua hadithi yenu.

Njia ya Natron ina vizuizi vya ushuru vya halmashauri na vijiji. Wekeni fungu la kundi mkononi mwa mtu mmoja, kila malipo yaje na risiti, na msibishane bei mkiwa magari kumi kwenye jua.

Maji, watoto, baridi

Haya nayapita haraka. Watu 20 kwa siku mbili, kwa kunywa na kupika tu, wanataka kama lita 200: madumu kumi ya lita 20. Longido na Engare Sero bebeni yote na ziada, Chala ulizeni kambini. Chala ni ya familia kuliko zote, isipokuwa jambo moja ambalo halina utani: ziwani kumewahi kuwa na mamba na kuta za kreta ni mteremko mkali, kwa hiyo watoto hawashuki bila mtu mzima na hakuna wa kuogelea. Engare Sero joto la mchana linawachosha wazee, na upepo wa jioni huko unang'oa mahema. Kamba za mlingoti zifungwe mara mbili. Longido usiku wa Julai ni koti. Nyama mtaipata Longido, ya kuchoma, na hilo limewahi kumaliza mabishano mengi ya kuchagua kambi.

Ningechagua hivi

Kundi mchanganyiko la kweli, nusu kwa nusu, lenye wenye leseni wa kutosha kukaa kwenye magari: Longido, bila kusita. Siyo nzuri kuliko zote kwa kimya, kwa barabara wala kwa starehe. Natron ina kimya zaidi na njia mbaya zaidi, Chala ina maji na kivuli. Lakini Longido ndiyo pekee ambapo mlima, uwanda na lami vimekaa mahali pamoja kwa namna inayowafanya watu wa pande mbili wafanye kazi moja. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80 za lami, na wa Moshi anaongeza 80 nyingine za barabara anayoijua.

Kundi la magari lenye watu wawili watatu wa redio waliozoea kujitegemea: Engare Sero, siku tatu siyo mbili, kwa sababu siku ya kwanza na ya mwisho zote zinaliwa na njia. Watu wa redio wabebe waya wa chini na waache milingoti.

Kundi la wanaoanza, wenye watoto, wenye skauti wanaotaka kuonja redio kwenye Jamboree ya hewani mwisho wa wiki ya tatu ya Oktoba: Chala. Hapo magari ni usafiri tu, na waambieni madereva mapema ili wasije na matarajio. Kama mnahesabu mawasiliano ya siku kwa siku, kumbukeni siku ya UTC (saa ya dunia, ambayo watu wa redio huihesabia) kwetu inageuka saa tisa usiku. Aliyekosa idadi yake ya Jumamosi saa nane na nusu usiku bado ana nusu saa.

Kuhusu tarehe, mwisho wa wiki wa kwanza wa Septemba una mashindano ya redio kwa sauti ya Ulaya na Afrika, ya wanaorusha kutoka nje ya nyumba, na ardhi ni kavu kila mahali. Mwisho wa Oktoba una CQ WW, mashindano ya redio ya dunia, bendi zimejaa dunia nzima, lakini vuli ziko mlangoni. Mkichagua Oktoba, kubalianeni kabisa kwamba mvua ikinyesha Longido siku mbili kabla, mnahamia Chala bila kikao kingine, na kambi ya Chala iwe imeshaarifiwa. Radi ikianza, antena zinashuka na nyaya zinatoka kwenye redio, hata kama uliyekuwa unamwita ni Hawaii.